Pambo Linalompisha Mgeni: Kupamba Meza ya Sebuleni Msimu wa Majani Kupukutika

*Mwongozo kwa familia zinazozungumza Kiswahili na kuishi Marekani na Kanada*

Septemba inapoelekea ukingoni, kuanzia Maine hadi Minnesota, maboga hupangwa milangoni mwa maduka, na vibaraza vya majirani hubadilika rangi ndani ya wiki moja. Ukitaka sebule yako nayo iufuate msimu, pa kuanzia ni meza ya katikati. Ni ndogo, haihitaji ngazi wala misumari, na ndiyo kitu cha kwanza anachokitazama aliyeketi.

Tatizo ni kwamba meza zinazoonyeshwa kwenye picha za magazeti ya mapambo hazitumiki. Yako inatumika. Mgeni akibisha hodi, hata kama hakupiga simu, baada ya muda mfupi mezani pana vikombe, chupa ya chai na sahani ya maandazi. Jioni watoto wanafanyia hapo kazi za shule. Pambo lililotandazwa meza nzima litahamishiwa sakafuni siku ya kwanza, na siku ya tatu litakuwa limesahaulika kwenye kona.

Kwa hiyo mwongozo huu una sharti moja: pambo lote likae juu ya sinia moja linalobebeka. Mgeni akija, sinia linaondoka kwa mkupuo mmoja. Akiaga, linarudi. Hatua zote zinazofuata zimejengwa juu ya sharti hilo.

## Kwanza, fahamu unachokipamba

Siku zikifupika na usiku ukianza kupoa, mti huacha kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani inayousaidia kujitengenezea chakula. Kijani kikiisha, rangi za njano na chungwa zilizokuwemo ndani ya jani tangu mwanzo hujitokeza. Wekundu wa mepo, mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada, hutengenezwa upya siku hizo hizo, hasa kukiwa na jua mchana na ubaridi usiofikia kuganda usiku.

Maelezo haya yana faida kwako mpambaji. Jani lililoanguka leo bado lina unyevu na rangi, unaweza kulihifadhi. Jani lililolala chini wiki nzima limekwisha kuwa kahawia na litavunjika mkononi. Na kwa kuwa rangi za msimu ni chache (njano ya haradali, chungwa, nyekundu ya matofali, kahawia na kijani kilichofifia), huhitaji kununua vitu vya kila rangi. Chagua tatu kati ya hizo, uzishikilie.

Boga nalo lina asili yake katika bara la Amerika, ndiyo maana limekuwa alama ya msimu huko. Kibuyu, ndugu yake, asili yake ni Afrika. Ukiwa na kibuyu ulichokuja nacho kutoka nyumbani, usikifiche kabatini. Kitakaa pamoja na maboga bila kuonekana kigeni.

## Kalenda ya meza yako

Msimu huanza rasmi Septemba 22 au 23 na kuisha Desemba 21 au 22. Huna haja ya kupamba upya kila sikukuu. Tengeneza msingi mmoja, kisha ubadilishe vitu viwili au vitatu tu.

- Mwisho wa Septemba hadi katikati ya Oktoba: majani, koni za msonobari, maboga madogo. Kanada husherehekea Siku ya Shukrani Jumatatu ya pili ya Oktoba, kwa hiyo walioko huko wawahi.
- Katikati hadi mwisho wa Oktoba: ni majuma ya Halloween, inayoangukia Oktoba 31. Familia nyingi, za Kiislamu na za Kikristo, haziiadhimishi. Boga ambalo halijachongwa sura ni boga tu. Liache mezani bila wasiwasi.
- Novemba: baada ya Oktoba 31 maduka mengi hushusha bei ya maboga. Ongeza masuke ya ngano, mahindi ya rangi na, siku ya wageni tu, matofaa. Siku ya Shukrani ya Marekani ni Alhamisi ya nne ya Novemba.
- Baada ya hapo: toa maboga, bakiza koni na mdalasini. Zinafaa hadi baridi kali inapoingia.

> KISANDUKU CHA 1: VIFAA
>
> *Vya nyumbani:*
> - Sinia la shaba, la mbao au ungo imara
> - Khanga, kitenge au kitambaa cha kufuma
> - Mkeka mdogo wa ukili
> - Bakuli la mbao, kibuyu, chungu kidogo au kikapu
>
> *Vya kuokota:*
> - Majani yaliyoanguka siku hiyo
> - Koni za msonobari
> - Mbegu za mwaloni, zile zenye vikofia
> - Vijiti vikavu
>
> *Vya kununua:*
> - Maboga madogo matatu na moja la wastani
> - Vijiti vya mdalasini na karafuu
> - Mishumaa ya betri
> - Gliserini, inayopatikana duka la dawa
>
> Mabakuli, vinara na masinia mazuri hupatikana kwa bei ndogo kwenye maduka ya mitumba. Pita huko kabla ya kwenda duka la mapambo.

## Kuokota bila kujiletea balaa

Okota kwenye uwanja wako, au muombe jirani. Wengi watafurahi ukiwapunguzia kazi ya kufagia. Usiokote ndani ya hifadhi za taifa za Marekani, kwa sababu huko kuchukua mimea, zikiwemo koni na majani, kwa kawaida kumekatazwa. Kwa bustani za mji au za jimbo, soma kibao cha masharti langoni.

Jihadhari na mmea mmoja hasa. Amerika ya Kaskazini ina mtambaazi wenye mafuta yanayowasha na kubabua ngozi, na msimu huu hugeuka mwekundu wa kuvutia kuliko majani mengi. Utautambua kwa vijani vitatu kwenye kikonyo kimoja, cha katikati kikiwa na kikonyo kirefu kuliko wenzake. Kanuni ya kuwafundisha watoto ni fupi: *vijani vitatu pamoja, usiguse.* Aliyegusa aoshe ngozi kwa sabuni na maji mengi mara moja, na nguo zifuliwe, kwa sababu mafuta hayo hubaki kwenye kitambaa.

## Kuandaa vitu kabla havijafika mezani

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi. Vitu vya nje huja na wadudu, unyevu na utomvu. Ukivipanga vilevile, baada ya siku chache utakuta funza kwenye kitambaa na doa kwenye meza.

### Majani

Njia ya haraka:
1. Pangusa jani kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha likaushe.
2. Liweke kati ya karatasi mbili za nta za jikoni, na juu yake taulo jembamba.
3. Pitisha pasi ya moto wa wastani bila mvuke mpaka karatasi zishikane.
4. Acha zipoe, kisha kata kando ya jani ukibakiza ukingo mdogo wa karatasi.

Njia ya kudumu:
1. Changanya sehemu moja ya gliserini na sehemu mbili za maji kwenye chombo kipana.
2. Zamisha majani na uyakandamize kwa sahani ili yasielee.
3. Yaache siku mbili hadi sita. Yako tayari yakiwa laini na yanayopindika.
4. Yatoe, yapanguse kwa sabuni kidogo, yakaushe kwa taulo.

Majani ya gliserini hugeuka rangi kidogo kuelekea kahawia, lakini hayavunjiki, na unaweza kuyatumia tena mwakani.

### Koni za msonobari

1. Ziloweke kwenye maji yenye siki kidogo kwa nusu saa. Zitajifunga; ndivyo zinavyofanya zikilowa.
2. Zitoe, ziache zichuje maji usiku kucha.
3. Tandaza karatasi ya aluminiamu kwenye trei ya oveni, zipange bila kurundikana.
4. Choma kwa nyuzi 200 za Fahrenheit (kama 95 za Selsiasi) kwa nusu saa hadi saa moja. Utomvu utayeyuka, wadudu watakufa, na koni zitafunguka.
5. Usitoke jikoni. Utomvu wa msonobari unawaka.

### Mbegu za mwaloni

1. Zitumbukize kwenye maji. Zinazoelea kwa kawaida zimeshatobolewa na funza; zitupe. Tupa pia zenye tundu.
2. Zikaushe kwa taulo.
3. Ziweke oveni kwa nyuzi 175 za Fahrenheit (kama 80 za Selsiasi) kwa saa mbili, ukizigeuza mara kwa mara.
4. Vikofia vikichomoka, virudishe kwa tone la gundi.

### Maboga

1. Kuchagua: kikonyo kiwe kizima na kikavu, na ganda liwe gumu kiasi cha kutotoboka kwa kucha. Geuza uone tako lake; palipo laini ndipo uozo unapoanzia.
2. Kubeba: shika boga lenyewe, usininginize kwa kikonyo. Kikikatika, hapo ni mlango wa kuvu.
3. Kusafisha: weka kijiko kimoja cha chakula cha jiki kwenye lita nne za maji, pangusa boga, kisha likaushe kabisa. Usichanganye jiki na siki wala na sabuni nyingine. Mchanganyiko huo unaweza kutoa gesi ya sumu.
4. Kuweka: usilikalishe juu ya mbao tupu. Chini yake pawe na sahani ndogo au kipande cha mkeka.

Boga zima, lisilochongwa, linaweza kukaa miezi miwili au mitatu mahali pakavu na pa baridi kidogo. Lililochongwa huanza kunywea ndani ya siku chache, zaidi ukiwa na hita inayopuliza karibu.

## Kupanga meza: hatua nane

Tenga muda usiokuwa na wageni. Utahitaji kusimama, kuketi na kusimama tena.

1. Ondoa kila kitu. Rimoti, chaja, barua za benki, vyote vitoke. Futa meza. Vitu vya lazima vitafutie kikapu kimoja na ukiweke chini ya meza au kando ya kochi.

2. Tandika kitambaa. Khanga moja ina urefu wa karibu mita moja na nusu na upana wa karibu mita moja. Ikunje mara tatu kwa urefu, utapata utepe mpana unaotosha meza nyingi za sebuleni. Chagua yenye rangi mbili kati ya tatu ulizochagua. Halafu soma jina lake kabla hujatandika. Khanga yenye kijembe, mgeni ataisoma huku akinywa chai yako, na huenda akadhani ameandikiwa yeye. Kama jina halifai, likunjie ndani ubakize pindo na mji.

Kitambaa cha kufuma cheupe au cha maziwa kinafaa vilevile. Ila chagua kimoja: khanga yenye maua juu ya kitambaa cha kufuma hufanya macho yasijue pa kutua.

3. Weka sinia. Lichukue theluthi moja ya meza, na hata likiwa kubwa lisizidi nusu.
- *Meza ndefu:* lisukume upande mmoja, ule ulio mbali na kiti anachokalia mgeni.
- *Meza ya mviringo:* liweke katikati, ubakize nafasi ya kikombe pande zote.
- *Meza ndogo au stuli mbili:* pamba moja, nyingine iache tupu kwa ajili ya chai.

4. Simamisha kitu kirefu kimoja. Kibuyu, chungu chenye masuke ya ngano, au chupa yenye vijiti vikavu. Kisizidi sentimita 30. Kipimo cha uhakika ni hiki: keti kwenye kochi lililo chini kuliko yote, mwombe mtu aketi mkabala nawe. Kama humwoni uso, punguza.

5. Ongeza vitu vya kimo cha kati. Boga la wastani na mawili madogo, au bakuli la mbao lenye koni. Yapange kwa pembetatu, usiyapange mstari. Vitu vitatu au vitano hukaa vizuri kuliko vinne, kwa sababu jicho haliwezi kuvigawa jozi jozi, basi linavitazama kwa pamoja.

6. Jaza chini. Majani yachungulie chini ya maboga, mbegu za mwaloni zitawanyike kidogo, vijiti vitatu vya mdalasini vifungwe kwa uzi wa katani. Bakiza sehemu za sinia zikiwa wazi. Pakijaa kote, hakuna kinachoonekana.

7. Weka mwanga. Mishumaa miwili au mitatu ya betri, kimo tofauti, iwe kati ya vitu na isipangwe ukingoni. Giza huingia mapema msimu huu, hasa saa zikirudishwa nyuma mwanzoni mwa Novemba, na mwanga wa chini hupasha macho joto jioni.

8. Fanya jaribio la chai. Weka mezani vikombe vinne, chupa ya chai, sahani ya vitafunio na chombo cha sukari. Vimeenea? Sasa nyanyua sinia kwa mikono miwili, tembea nalo hadi mahali utakapoliweka wageni wakija, urudi. Kama kuna kilichoyumba au kuanguka, kigandishe kwa udongo wa kuchezea wa watoto chini yake, au kitoe. Pambo lisilofaulu jaribio hili lipunguzwe papo hapo.

> KISANDUKU CHA 2: MIPANGO MITATU YA KUIGA
>
> Wa pwani: sinia la shaba, khanga ya rangi ya haradali na kahawia, kibuyu, maboga meupe mawili, mdalasini, chungwa lililochomekwa karafuu.
>
> Wa mashambani: ungo, kitambaa cha kufuma, mahindi ya rangi, masuke ya ngano, boga moja la chungwa, koni tatu.
>
> Wa chumba kidogo: bakuli moja la mbao, koni, mbegu za mwaloni, mshumaa mmoja wa betri. Bila kitambaa.

## Harufu ya msimu

Mishumaa ya kunukia inayouzwa msimu huu mara nyingi hunukia mdalasini na karafuu, vitu ambavyo pengine tayari viko kwenye kopo la viungo jikoni kwako. Una njia mbili za kuvitumia.

Chungwa la karafuu. Chukua chungwa lenye ganda zima. Toboa matundu kwa kijiti cha meno, chomeka karafuu kavu mpaka ganda lote lifunikwe. Liache mahali pakavu penye hewa na uligeuze kila siku; litanywea na kuwa gumu kwa wiki kadhaa. Ukiacha nafasi kubwa bila karafuu, au ukaliweka penye unyevu, litaota kuvu. Likianza kulainika, tupa.

Sufuria ya viungo. Chemsha maji yenye maganda ya chungwa, mdalasini, karafuu na iliki, kisha punguza moto wa jiko hadi chini kabisa. Nyumba itanukia bila kitu kuwaka sebuleni. Ongeza maji kila yakipungua na uzime kabla hujatoka.

Kuhusu chetezo: makaa hutoa moshi na hewa ya sumu isiyo na harufu, na nyumba za Marekani na Kanada hufungwa kabisa wakati wa baridi. Kama lazima ufukize udi, fungua dirisha, weka chetezo juu ya kitu kisichoungua mbali na meza iliyopambwa, na usikiache peke yake. Majani makavu na makaa hayakai chumba kimoja bila mtu kuyaangalia.

> KISANDUKU CHA 3: TAHADHARI
>
> Moto. Mshumaa wa moto wa kweli uwe umbali wa angalau sentimita 30 kutoka kitu chochote kinachoweza kuungua. Juu ya sinia lenye majani makavu umbali huo haupatikani, kwa hiyo tumia wa betri. Soma pia mkataba wako wa nyumba. Mikataba mingine hukataza mishumaa.
>
> Betri za kifungo. Mishumaa mingi midogo ya betri hutumia betri bapa mfano wa sarafu. Mtoto akiimeza, inaweza kuunguza koo lake vibaya ndani ya saa mbili. Nunua yenye kifuniko cha skrubu. Ukishuku tu kwamba amemeza, mpeleke hospitali ya dharura papo hapo, usingoje dalili.
>
> Kukabwa. Penye mtoto wa chini ya miaka mitatu, usiweke mbegu za mwaloni, karafuu wala koni ndogo. Tumia maboga asiyoweza kuyatia mdomoni.
>
> Vibuyu vya mapambo. Vile vidogo vyenye chunusi na mistari si vya kula. Vinaweza kuwa na uchungu wenye sumu inayoumiza tumbo vibaya.
>
> Matawi yenye vijitunda vya chungwa na nyekundu. Baadhi yana sumu, na mtambaazi mmoja wa Asia unaotumiwa sana kwenye mapambo huua miti ya Amerika ya Kaskazini baada ya ndege kusambaza mbegu zake. Yaache.
>
> Mbwa na paka. Mbegu za mwaloni humdhuru mbwa, na maua ya krisanthemu huwadhuru mbwa na paka. Ukiwa nao, tumia maboga, koni zilizookwa na majani ya karatasi.

## Makosa ya kawaida na dawa yake

Matofaa kuwekwa bakuli moja na maboga. Tofaa lililoiva hutoa gesi ya ethilini inayoharakisha kuiva na kuoza kwa vilivyo jirani nalo. *Dawa:* weka matofaa siku ya wageni tu, kisha yaliwe.

Meza kuwekwa mbele ya tundu la hita. Hewa ya moto hukausha majani hadi yawe unga na kunyong'onyeza maboga. *Dawa:* sogeza meza, au geuza vipepeo vya tundu vielekee pengine.

Kununua kila kitu cha plastiki kwa siku moja. Vitu vyote vikiwa na mng'ao mmoja, meza huonekana kama rafu ya duka. *Dawa:* kwa kila kitu cha plastiki, weka viwili vya asili au vya mbao.

Rangi ya chungwa kupita kiasi. Kochi la chungwa, khanga ya chungwa, maboga ya chungwa. *Dawa:* tumia maboga meupe au ya kijani-kijivu, au badili kitambaa.

Maua ya plastiki ya mwaka mzima kubaki mezani. Waridi jekundu la plastiki halisemezani na boga. *Dawa:* lihamishie kabati la televisheni hadi Desemba.

Pambo kuwa mwiko. Watoto wakikatazwa kusogea, nao wakisogea wakikaripiwa, sebule inakuwa duka. *Dawa:* wape wao kazi ya kuokota majani na kuyapiga pasi ukiwa pembeni. Hawataharibu walichokitengeneza.

## Matunzo ya kila wiki

Chagua siku moja, mathalani Jumamosi asubuhi wakati wa usafi, ufanye haya:

1. Nyanyua kila boga na ubonyeze tako lake. Palipolainika, litoe siku hiyo hiyo. Uozo huhamia kwa jirani.
2. Kung'uta kitambaa nje.
3. Badili majani yaliyovunjika.
4. Futa vumbi kwenye koni kwa brashi ya kupakia rangi.
5. Angalia kama vifuniko vya betri vimefungwa.

## Msimu ukiisha: kipi kiliwe, kipi kitunzwe

Boga zima la kula, lisilopakwa rangi, lisilochongwa na lisilolainika popote, lina kazi moja iliyobaki: chungu. Litofautishe na vibuyu vya mapambo. Kama hukumbuki liliuzwa kwa ajili gani, usilipike. Maboga makubwa yanayouzwa kwa kuchongwa huwa na majimaji na ladha hafifu. Madogo ya duara yanayouzwa kwa ajili ya keki za boga ndiyo matamu.

Boga la nazi:
1. Osha boga kwa maji mengi, lipasue, toa mbegu, kata vipande vikubwa na umenye.
2. Weka sufuriani na maji kidogo, chumvi na iliki iliyopondwa.
3. Likianza kulainika, mimina kopo moja la tui la nazi na sukari kiasi unachopenda.
4. Pika kwa moto mdogo bila kufunika hadi tui liwe zito. Usikoroge sana, litavurugika.

Lionje likiwa bichi kabla hujaanza kupika: likiwa chungu, tema na ulitupe lote. Mbegu nazo zioshe, zikaushe, zikaange na chumvi.

Koni, mbegu za mwaloni na majani ya gliserini vifunge kwenye boksi kavu lenye karatasi katikati, uandike mwaka juu yake. Khanga ifuliwe kabla ya kurudi kabatini, kwa sababu utomvu ukikaa mwaka mzima hautoki tena. Maboga yaliyooza yapelekwe kwenye mboji kama mji wako unakusanya.

> ORODHA YA KUKAGUA KABLA YA MGENI WA KWANZA
>
> ☐ Rangi ni tatu, hazizidi
> ☐ Koni na mbegu zimepita kwenye oveni
> ☐ Kila boga lina kitu chini yake
> ☐ Jina la khanga limesomwa
> ☐ Kitu kirefu hakizibi uso wa aliyeketi mkabala
> ☐ Hakuna moto wa kweli karibu na majani makavu
> ☐ Betri za kifungo zimefungwa kwa skrubu
> ☐ Hakuna kitu kidogo cha kumkaba mtoto
> ☐ Mahali pa kuliweka sinia wageni wakija pamejulikana
> ☐ Vikombe vinne, chupa ya chai na sahani vinaenea
> ☐ Sinia linabebeka kwa mkupuo mmoja

Visanduku viwili vya mwisho vikikosa alama, rudi hatua ya tatu na uchukue sinia dogo zaidi. Vingine vyote vinaweza kurekebishwa mgeni akiwa ameshaketi.